Mjomba Kawa Ukuta

Kwenye ramani ya nyumba ya dada yangu, hapa Tabora, mimi ni ukuta. Si masihara. Mpwa wangu kaizungusha simu kwa wageni wote waliokuja kula pilau, anawaonyesha kipande cheusi pembeni mwa sebule na kueleza kwa adabu zote: "Huyu hapa mjomba."

Mchoraji ni roboti ya kufagia, zawadi ya shemeji kutoka Muscat. Mgongoni ina kikofia kinachozunguka, kinapiga leza pande zote. Mwali ukigonga kitu unarudi, na kwa pembe unayorudi nayo, au kwa muda uliotumia, mashine inajua kitu kiko mbali kiasi gani. Mwanga unakwenda kilomita 300,000 kwa sekunde, halafu kidude kinachopita uvunguni kinathubutu kuupimia muda! Magurudumu nayo yanahesabu mizunguko. Yakiteleza hesabu inapotoka, ndipo leza inazitazama kuta na kuisahihisha. Ila leza hiyo inaona kimo kimoja tu, chini ya shibiri moja kutoka sakafuni. Kanzu iliyopigwa pasi, kofia, heshima ya ujomba, vyote viko juu ya hapo. Ilichokiona ni vifundo viwili vya miguu visivyo na dalili ya kuondoka. Kinachopita hufutwa, kinachobaki huandikwa ukuta. Nami nilikuwa nangoja pilau.

Nilicheka na wenzangu, lakini likanikaa rohoni, likanikumbusha ramani nyingine. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walifika Kazeh, ndiyo Tabora hii, Novemba 1857. Njia waliikuta. Wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wakiikanyaga hadi pwani tangu zamani, mizigo begani, wakijua maji yako wapi na pori linaanzia wapi. Mwafrika Sidi Mubarak Bombay alikuwemo msafarani mwao, na baadaye akasafiri na mpelelezi Stanley pia. Ramani zilipochapwa Ulaya, wageni wakaitwa wavumbuzi. Wenye njia wakafutwa, maana wao walikuwa wanatembea. Mimi niliyekaa tu, nimo!

Tukirudi sebuleni, zulia jeusi liliishinda roboti: vihisi vya tumboni humulika chini na kungoja mwanga urudi, weusi ukaumeza, ikadhani imefika ukingoni mwa korongo. Kisha ikatafuna pindo la mkeka. Mbele ya kioo cha kabati mwali ukadanganyika, ramani ikaota chumba cha ziada, na dada sasa anauliza kodi ya chumba hicho nitaanza kulipa lini.