Chagua Bakapu kwa Machozi

Mpwa wangu wa darasa la saba alikuwa anatafuta nafasi ya katuni. Akakuta folda imeandikwa BIBI, akaifuta. “Mjomba, nimetoa ile ya zamani tu,” akaniambia. Nikakimbilia sebuleni. Kisanduku changu cha diski mbili, ambacho nyumbani tunakiita seva, kilikuwa kinawaka taa zake za kijani kama kawaida. Humo mlikuwa na sauti ya bibi akihadithia safari yake ya treni kutoka Tanga hadi Moshi. Alituhadithia kwa awamu mbili, kisha akafariki.

Ndugu yangu unayetaka kuweka seva nyumbani, au uliyekwisha kuiweka na unalala usingizi mnono, fuata hatua hizi.

Hatua ya kwanza: usimwite pacha akiba. Diski zangu mbili zilikuwa pacha: kinachoandikwa kwenye moja huandikwa na kwenye nyingine. Mpango huu unaitwa RAID, na watafiti wa Berkeley waliueleza mwaka 1988. Kazi yake ni kukuwezesha kuendelea diski moja ikifa, na kazi hiyo inaifanya vizuri. Ila pacha ni mtiifu kupita kiasi. Ukimwambia futa, anafuta pamoja na mwenzake, sekunde ileile. Mwizi akibeba kisanduku, amewabeba wote wawili.

Hatua ya pili: panga mali kwa machozi. Chukua karatasi, andika kila kilichomo, kisha jiulize: hiki kikipotea, nani atalia? Filamu za kivita utazipata tena, kwa hiyo hazina mliaji. Video ya harusi, hati ya kiwanja na sauti za wazee zina waliaji. Karatasi hii ndiyo itakayokuamulia mpango, kwa sababu intaneti ya nyumbani haibebi kila kitu. Kwa kasi ya kupandisha ya megabiti 10 kwa sekunde, terabaiti 2 zitakuchukua siku 18 na ushee, usiku na mchana, umeme usikatike hata mara moja. Gigabaiti 100 zenye machozi zinapanda kwa saa 22 au 23.

Hatua ya tatu: hesabu tatu, mbili, moja. Kanuni hii ilienezwa na mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh. Nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja ikae mbali na nyumba. Mwaka 1998 mtu mmoja pale Pixar alitoa amri iliyofuta sehemu kubwa ya filamu ya Toy Story 2, na bakapu ya ofisini ikakutwa mbovu. Iliyowaokoa ni nakala iliyokuwa nyumbani kwa mwenzao, Galyn Susman, aliyekuwa na mtoto mchanga na akifanyia kazi nyumbani. Kama una dada Morogoro, una pa kuweka diski ya nje. Mpelekee na kilo mbili za mchele, ataitunza kama yake.

Hatua ya nne: chomoa. Diski ya nje inayoshinda imechomekwa kwenye seva ni kama ufunguo wa akiba ulioachwa mlangoni. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga mafaili ya watu nchi nyingi na kudai fidia, na virusi vya ukoo huo havichagui: kila diski vinayoifikia vinaifunga. Nakili, chomoa, weka kabatini. Tumia programu inayotunza matoleo ya nyuma, kama Borg au restic, ili kosa la leo lisifute nakala ya jana. Programu hizo hufunga nakala kwa nenosiri. Liandike kwenye karatasi, na karatasi ikae pamoja na vyeti vyako.

Hatua ya tano: kagua uozo. Tunaambiwa akiba haiozi. Ya mahindi sijui, ya diski huoza: herufi moja inageuka kimyakimya, na picha ya mtoto inafunguka nusu. Mfumo kama ZFS unaweza kulinganisha kila kipande na alama yake ya uhakiki na kukuambia kipi kimeharibika. Ukiwa na diski pacha, unakirekebisha. Uendeshe ukaguzi huo kila mwezi.

Hatua ya sita: rudisha kabla ya msiba. Hii ndiyo hatua ninayokuomba usiiruke hata ukiruka nyingine zote. Tarehe 31 Januari 2017 fundi wa kampuni ya GitLab alifuta hifadhidata kwenye seva ambayo siyo aliyoikusudia. Walipogeukia njia zao za bakapu, moja baada ya nyingine zikakutwa hazifanyi kazi. Kilichowafaa ni nakala iliyochukuliwa saa sita hivi kabla ya hapo. Bakapu ambayo hujawahi kuirudisha ni matumaini, na matumaini hayafungui faili.

Kwangu, mkaguzi ni mpwa wangu. Kila baada ya miezi mitatu anachagua faili moja kwa kufumba macho, anairudisha kwenye kompyuta nyingine, tunaifungua wote. Mara ya mwisho kidole chake kiliangukia kwa bibi. Nakala iliyokuwa kwenye diski yangu kwa dada Morogoro ilikuwa na umri wa miezi minne siku ile folda ilipofutwa, kwa hiyo ilikuwa na awamu ya kwanza tu. Tukamsikiliza hadi treni ikaingia Korogwe, akacheka, akanunua machungwa dirishani, treni ikaondoka kuelekea Mombo.

Mombo ndipo anapoishia. “Mjomba, halafu akafikaje Moshi?” mtoto aliuliza. Sina cha kumjibu. Wewe bado unacho: nunua diski wiki hii.