Kiungo Kinachomfungukia Mtumaji Peke Yake

Kati ya misiba midogo inayowakumba wanazuoni wa zama za intaneti, hakuna ulio wa kawaida zaidi, wala unaopokewa kwa mshangao mpya kila mara, kuliko ule wa mhadhiri anayelitumia darasa lake kiungo cha makala ya jarida, yaani anwani ya kubofya inayotarajiwa kumfikisha msomaji moja kwa moja kwenye makala hiyo, kisha akaanza kupokea malalamiko ya wanafunzi waliofikishwa kila mahali isipokuwa kwenye makala yenyewe. Mmoja huarifiwa kwamba muda wa kikao chake umekwisha, ilhali hakuwahi kukianza. Wa pili hukuta ukurasa mtupu wa utafutaji. Na wa tatu, ambaye hakuna darasa lililowahi kumkosa, hujibu kwamba amekwisha kuisoma na anamshukuru sana Dokta, jambo ambalo kwa mujibu wa mwenendo wa seva haliwezekani.

Chanzo cha mkasa huu ni usahaulifu. Itifaki ya HTTP, ambayo ni utaratibu unaotumiwa na vivinjari na seva kuzungumza, haina kumbukumbu: seva ikishalijibu ombi, humsahau papo hapo aliyeliomba. Ili kuuziba upungufu huo, hifadhidata za majarida humpa kila anayeingia kitambulisho cha kikao, ambacho ni msururu wa herufi na tarakimu unaodumu kwa ziara moja tu, na baadhi yake huupachika msururu huo ndani ya anwani inayoonekana juu ya kivinjari. Anayeinakili anwani hiyo hudhani amechukua mahali makala inapokaa, kumbe ameokota tiketi ya basi ambalo litakuwa limekwisha kuondoka abiria wengine watakapofika kituoni.

Linalostahili kuchunguzwa kwa utulivu, hata hivyo, ni jaribio. Mhadhiri huyu si mzembe. Kabla ya kutuma hukibofya kiungo, huiona makala ikifunguka, na huridhika. Hufunguka kwa sababu kikao chake bado kiko hai, kwa sababu kivinjari chake kimehifadhi kuki, yaani faili dogo linaloikumbusha seva kwamba huyu alikwisha kuruhusiwa, na pengine kwa sababu ameketi ndani ya chuo ambacho mtandao wake unatambuliwa na mchapishaji bila kuulizwa nenosiri. Kwa hiyo, kati ya watu wote duniani, aliyejitwika kazi ya kukijaribu kiungo ndiye ambaye jaribio lake halithibitishi chochote. Dirisha la faragha la kivinjari, lisilobeba kuki za awali, lingemwambia ukweli zaidi, ingawa nalo likifunguliwa ndani ya chuo humdanganya kwa adabu ileile.

Wapo wanaolijua hilo na kuangukia upande wa pili, kwa kunakili anwani iliyopitia proksi ya maktaba, ambayo ni seva inayosimama katikati na kumthibitishia mchapishaji kwamba msomaji ni mwanachuo halali. Kiungo cha namna hii huwafaa watu wa chuo hicho hata wakiwa nyumbani, lakini kikitumwa kwa mtafiti mwenzao wa chuo kingine, humdai namba ya usajili ya mahali ambapo hajawahi kusajiliwa.

Wala cheo hakimkingi mtu. Katika hukumu ya mwaka 2011 kuhusu uuzaji wa michezo ya video yenye ukatili kwa watoto, Jaji Samuel Alito wa Mahakama ya Juu ya Marekani alirejelea tovuti ambayo baadaye ilitoweka, jina lake likachukuliwa na mtu mwingine, naye akaweka hapo ujumbe wa kejeli kuhusu ufupi wa maisha ya viungo, akimtaja jaji huyo kwa jina. Mwaka 2014, watafiti Jonathan Zittrain, Kendra Albert na Lawrence Lessig walionyesha kwamba nusu ya viungo vilivyomo katika hukumu za mahakama hiyo havikumfikisha tena msomaji kwenye kile kilichorejelewa.

Dawa inayopendekezwa na wakutubi, kwa subira ya watu waliokwisha kuipendekeza jana, ni kitambulisho cha kudumu kinachojulikana kwa herufi DOI, ambacho wachapishaji walianza kukisimamia kwa pamoja kupitia shirika la Crossref mwaka 2000 na ambacho mwaka 2012 kilipewa hadhi ya kiwango cha kimataifa, ISO 26324. Huanza na 10 na nukta, hufuatwa na namba ya aliyekisajili, mkwaju, kisha alama alizozichagua mchapishaji, na kikitanguliwa na https://doi.org/ huwa kiungo kamili. Makala ikihamishwa, mchapishaji hubadilisha anwani katika rejesta na kitambulisho hubaki kilekile, mradi tu akumbuke kuibadilisha.

Hapa pia bahati mbaya haikukosa pa kujificha. Nukta inayofunga sentensi ikinakiliwa pamoja na kitambulisho, mfumo hujibu kwamba kitu hicho hakipo. Baadhi ya vitambulisho vya mwishoni mwa miaka ya 1990 vilitungwa kwa mabano, nukta mkato na hata alama za "ndogo kuliko" na "kubwa kuliko", mchanganyiko ambao programu nyingi za ujumbe huukata katikati, na ambao hapana shaka ulibuniwa na mtu asiyetarajia kuutuma kwa yeyote.

Hata kiungo kilichonusurika yote hayo mara nyingi humfikisha mwanafunzi mbele ya ukurasa unaomdai dola kadhaa kwa kurasa kumi na mbili. Ndipo mhadhiri anapoipakua makala na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp la darasa, ikiwa na jina la faili lisiloeleza chochote, na swali la kwanza linalofuata huwa ni kama kuna aliyeifupisha.