Namna ya Kumiliki Shule Binafsi Sumbawanga Bila Kujichosha na Kufundisha

Anza na jina. Mbizi, Ufipa, Rukwa, yote hayo achana nayo. Mzazi anayajua tangu utotoni na hayana ada ndani yake. Tafuta mtakatifu ambaye hata paroko itabidi amsake kitabuni, kisha umalizie na Akademi.

Hatua ya pili ni basi. Basi kabla ya madawati, basi kabla ya choo, tena la njano. Mwezi Julai, saa moja kasorobo asubuhi, baridi ya Ufipa ikikata masikio, lipitishe sokoni polepole. Ndani wawe watoto wenye sweta na soksi ndefu, mmoja ametia ukungu kioo kwa pumzi, anachora nyumba kwa kidole. Mama anayepanga mafungu ya maharage atalitazama mpaka likate kona. Huyo umeshampata.

Ada usiiogopee serikali. Ada elekezi, ile ya serikali kukupangia kiwango, ilizungumzwa wee, na mwaka 2016 ikawekwa kando. Mwaka huohuo shule za serikali zikawa bila ada hadi kidato cha nne, madarasa yakafurika, nawe ukapata tangazo usilolilipia hata shilingi. Dai Januari, mahindi yakiwa bado mabichi shambani na mkulima hana hata mia, atasaini chochote. Julai akishauza magunia, mletee karatasi ya pili: masomo ya ziada, mahafali, ukarabati wa basi.

Wakaguzi siku hizi wanaitwa wathibiti ubora wa shule. Jina limerefuka, hofu ni ileile. Ukisikia wanakuja, azima vitabu. Yule kijana wa Kidato cha Sita anayefundisha hesabu mpeleke bustanini, ashike ndoo. Na bweni la watoto wadogo, lililopigwa marufuku kwa waraka wa 2023, usilifunge kwa pupa. Badili kibao tu: "Nyumba ya Shangazi."

Sasa mtihani, na hapa uwe makini. Sumbawanga maana yake tupa uchawi, kwa hiyo watoto wakifeli huna wa kumsingizia. Jipange mapema. Mwenye wastani mdogo usimfukuze, wizara imekataza. Mwite mzazi kabla ya usajili wa darasa la saba, mpe kiti na soda, umwambie kwa sauti ya msibani kwamba mtoto "atachanua" zaidi shule ya serikali. Barua ya uhamisho ataiandika mwenyewe, na atakushukuru.

Tangu Januari 2023 Baraza la Mitihani, NECTA, halitangazi tena shule kumi bora. Wenye shule walionuna hawajui biashara. Zamani aliyeshika namba moja alikuwa mmoja; leo pachika bango kubwa barabara ya Tunduma: "Tumekuwa wa Kwanza!" Kwanza wapi, usiandike.

Mwanao je? Mpeleke seminari ya Kaengesa. Akiulizwa baba anafanya kazi gani, aseme mkulima.