Barua ya Wazi kwa Shirikisho la Riadha Tanzania (RT)

YAH: OMBI LA KUMKABIDHI KIJANA KAMA MWENGE

Waheshimiwa viongozi wa RT,



Barua hii inatoka Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, na inaanza kwa pongezi. Kuna swali linalowakosesha usingizi makocha duniani kote: kijana anayewaacha wenzake mbali akiwa na miaka 17, je, ataendelea kupanda akishaanza kukimbia kwa kulipwa, au kilele chake ndicho hicho? Simiyu swali hilo halimsumbui mtu. Kijana hung'ara kwenye UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, hupigwa picha, hupewa cheti, hupanda basi kurudi kwao Itilima au Meatu, na baada ya hapo anayejua habari zake ni mama yake. Mtu asiyejulikana alipo hawezi kudaiwa kwamba ameshuka kiwango. Hongereni sana.

Wenzenu wamechagua njia ngumu. Kenya walikuwa na kijana aitwaye Eliud Kipchoge, aliyetwaa ubingwa wa dunia wa mita 5,000 jijini Paris mwaka 2003 akiwa na miaka 18, mbele ya Hicham El Guerrouj na Kenenisa Bekele. Kwa hesabu za kawaida hapo angemwagiwa sifa na kusahauliwa. Tena mwaka 2012 alikosa hata nafasi kwenye timu ya Olimpiki ya London. Lakini alikuwa na Patrick Sang, jirani yao kijijini na mshindi wa medali ya fedha ya Barcelona 1992, aliyemwandikia programu za mazoezi tangu akiwa kinda na hakumwacha njiani. Kipchoge akahamia marathoni, akachukua dhahabu mbili za Olimpiki, na mwaka 2022 jijini Berlin, akiwa na miaka 37, akakimbia saa 2:01:09.

Uganda nao hawakutulia. Joshua Cheptegei alikuwa bingwa wa dunia wa vijana wa mita 10,000 mwaka 2014. Miaka mitatu baadaye, kwenye mbio za nyika za dunia jijini Kampala, aliongoza mbele ya watu wa kwao, akaishiwa nguvu karibu na mwisho na kumaliza wa 30. Aibu ya namna hiyo huku kwetu ingetosha kumrudisha mtu shambani. Wao wakaendelea naye. Mwaka 2020 akavunja rekodi za dunia za mita 5,000 na 10,000, na Paris 2024 akaondoka na dhahabu ya Olimpiki.

Msiseme hayo ni mambo ya majirani. Filbert Bayi alikuwa na miaka 19 alipomshinda gwiji wa Kenya Kipchoge Keino katika mita 1,500 kwenye Michezo ya Afrika, Lagos, mwaka 1973. Mwaka uliofuata, Christchurch, aliweka rekodi ya dunia ya 3:32.16, na muda huo ukabaki rekodi ya Michezo ya Jumuiya ya Madola hadi 2022. Mwaka 1980 huko Moscow alipata fedha katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui akapata fedha ya mita 5,000. Wote wawili walikuwa na miaka 27. Hadi leo Tanzania haina medali nyingine ya Olimpiki. Bayi alilelewa na jeshi; Nyambui, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, alichukuliwa na chuo kikuu cha Texas huko El Paso. Kila mmoja alikuwa na mahali pa kula, kulala na kufanya mazoezi katika ile miaka ambayo kipaji peke yake hakitoshi.

Kisha yuko Fabiano Joseph. Huyu alipata fedha ya dunia ya nusu marathoni mwaka 2003 akiwa na miaka 17, fedha tena 2004, halafu dhahabu Edmonton, Canada, 2005, kabla hajatimiza miaka 20. Dhahabu ya pili ya dunia haikuja. Ni nani mezani kwenu ana faili linaloeleza kilichotokea kati ya miaka yake 20 na 30? Kama lipo, lisomwe hadharani, maana ndilo somo zuri kuliko semina yoyote ya makocha.

Alphonce Simbu alipita njia tofauti. Hakuwa nyota wa dunia utotoni. Alipata shaba ya dunia ya marathoni London mwaka 2017 akiwa na miaka 25, na Septemba 2025 akawa bingwa wa dunia wa marathoni jijini Tokyo akiwa na miaka 33, kwa tofauti ya sekunde 0.03. Naye ni askari wa JWTZ. Jeshi, inaonekana, ndilo shirikisho la riadha lenye subira kuliko yote nchini.

Sasa ombi. Simiyu inamjua mkimbiaji mmoja asiyepotea kamwe, nao ni Mwenge wa Uhuru. Unapokelewa mpakani, unatajwa umefika saa ngapi, unaandaliwa pa kulala, na kesho yake unakabidhiwa wilaya nyingine kwa taarifa ya maandishi. Hakuna mkuu wa wilaya aliyewahi kusema hajui Mwenge umeishia wapi. (Ni kweli sehemu kubwa ya safari hupanda gari, lakini tusiwe wachoyo.) Bariadi inaomba kijana wa Kidato cha Pili anayeshinda mita 3,000 apewe heshima hiyo hiyo: shule imkabidhi kwa wilaya, wilaya kwa mkoa, mkoa kwenu, nanyi mumkabidhi jeshi, polisi, magereza au chuo. Kila makabidhiano yawe na sahihi, umri wake wa kweli na muda wake aliokimbia.

Msihofu kwamba mkoa huu hauwezi kutunza mtu. Ni Simiyu iliyowaweka wanafunzi kwenye kambi za kitaaluma ili wafaulu mitihani, na ni Maswa inayotengeneza chaki chini ya mpango wa wilaya moja, bidhaa moja. Tena Mkuu wa Mkoa wa zama za kambi hizo, Anthony Mtaka, ndiye aliyekuwa pia Rais wa RT. Kwa miaka hiyo ofisi ya mkoa na kiti cha riadha ya taifa vilikaliwa na mtu mmoja, na bado kijana wa Meatu anakimbia peku kando ya barabara bila mtu wa kumpimia muda.

Tunaomba daftari la majina lifunguliwe kabla ya UMISSETA ijayo, na namba za simu za wazazi ziandikwe humo.