Kiti cha Naibu

Fisi alichaguliwa mkuu wa Mji wa Maji Baridi kwa kura nyingi. Fukara wa mji walimpenda, kwa kuwa aliwagawia mifupa mchana kweupe, kwa ngoma na vipaza sauti. Naibu wake, Swala, alikuwa bingwa wa mahesabu. Haikupita miezi mingi Swala akaaga, akisema mkuu hamwamini hata kumwachia ufunguo wa choo.

Fisi hakutafuta naibu mwingine. Aliwaza, na kwa akili ya fisi si wazo baya: naibu ni nani kama si yule anayengoja uanguke? Kiti kikibaki kitupu, nani atathubutu kukung'oa na kuuacha mji bila kichwa?

Hesabu za ghala la nyama zikaja kukutwa hazilingani. Fisi akashtakiwa. Hakimu Bundi hakusema ana hatia, kesi ilikuwa mbichi. Alisema tu kwamba mshtakiwa hawezi kuwasimamia makarani ambao kesho watatoa ushahidi dhidi yake, basi asikanyage ofisini mpaka kesi iishe. Amri nzuri kabisa, nami naiunga mkono. Ila ilitegemea kwamba naibu yupo.

Mhuri ukalala. Kobe, muuza sukuma wiki, alikuja kutafuta kibali cha kibanda chake. Makarani wakamwambia, "Mzee, mkuu haruhusiwi kuingia, naibu hakuna, na sisi saini zetu hazitambuliki." Taka zikarundikana hadi mlangoni pa mahakama. Fisi akawa anapita mitaani akicheka. Mtego ulikuwa umemnasa kila mtu isipokuwa yeye.

Hapo Simba, mfalme wa nchi, akamwita pangoni. Fisi aliingia na cheo kizima, akatoka ametia saini kumkabidhi Simba kazi nne za mji. Baadaye alilalamika kwamba hakuelewa alichosaini, jambo ambalo Kobe, aliyezoea kusomewa fomu mara tatu, alishindwa kulimeza.

Wako watakaosema naisema Nairobi. Ni kweli Polycarp Igathe aliacha unaibu gavana Januari 2018, na gavana wake, Mike Sonko, aliendelea bila naibu mpaka mahakama ilipomfungia ofisi Desemba 2019. Ni kweli pia kwamba Februari 2020 ilitiwa saini hati ya kuhamishia Serikali Kuu afya, uchukuzi, ujenzi na mipango ya jiji, na mwezi uliofuata vikawekwa chini ya Meja Jenerali Mohammed Badi. Lakini Sonko ana vidani vya dhahabu, na fisi wangu ana madoa tu.

Simba akamtuma Nyati na kikosi chake. Mitaro ikazibuliwa, visima vikachimbwa, wanyama wakashangilia. Nani asingeshangilia? Bundi peke yake aliuliza Nyati amechaguliwa na nani, akampa siku 90 za kutafuta karatasi za kuhalalisha pembe zake. Baraza la Nyani nalo, lililokuwa limekula mifupa ya Fisi miaka yote hiyo bila kuuliza imetoka wapi, likagundua ghafla kwamba lina dhamiri. Siku ya kura ya kumng'oa, Fisi aliwapeleka nyani kadhaa pwani wakapunge upepo. Waliobaki wakatosha kumwondoa. Na kwa vile naibu hakuwapo wa kurithi, ikafunguliwa kesi nyingine, kisha nyingine juu ya hiyo.

Kobe akamwendea Nyati na fomu yake iliyochakaa.

"Shikamoo, Jenerali."

"Marahaba, mzee. Una shida gani?"

"Kibali cha kibanda."

Nyati akaisoma fomu kwa makini, kisha akaipitia ile hati ya Simba, mstari kwa mstari. "Vibali vya biashara havimo katika kazi nne. Hivyo vimebaki kwa mkuu wa mji."

"Na mkuu wa mji ni nani sasa?"

"Suala hilo liko mahakamani, mzee. Siwezi kulizungumzia."

Kobe alipofika kwenye kibanda chake, aliwakuta mbwa mwitu wa kanjo wakipakia sukuma wiki kwenye gari. Alikuwa anauza bila kibali.