Nani Amemroga? Swali Bovu la Steji ya Keroka

Hapa Keroka hatuhitaji daktari wa kutuonyesha mgonjwa wa akili. Kaa tu steji, kwenye benchi la fundi viatu, mahali ambapo mguu mmoja uko Kisii na mwingine uko Nyamira. Kaunti mbili zimegombania ushuru wa soko hili miaka nenda miaka rudi. Sijasikia hata moja ikimgombania yule kijana anayepita pekupeku akihesabu matatu. Akipita, kwanza utasikia misonyo. Kisha litakuja swali, lile lile la tangu enzi za babu zetu: "Nani amemroga?"

Nyoo! Nani? Hakuna anayeuliza nini kilimpata, wala kilianza lini, wala alizaliwaje. Tunataka mtu, tena mwenye jina, boma na kipande cha shamba.

Majuzi swali hilo lilimwangukia kijana mmoja aliyerudi kutoka chuo katikati ya muhula, bila hata begi. Usiku halali. Mchana anaizima redio ya mamake kwa sababu, anasema, inamtaja jina. Kijiwe kilitoa hukumu kabla chai haijapoa. Fundi viatu akasema ni amu yake, ile kesi ya mpaka wa shamba. Mama wa ndizi akasema mtoto amesoma kupita kiasi, ubongo umechemka. Kijana wa bodaboda akasema ni majini ya Mombasa, ingawa mgonjwa hajawahi kuvuka Narok. Mwalimu mstaafu alikuwa ananyamaza tu, kama kawaida yake, halafu akauliza: "Yule babu yake mliyekuwa mkimkimbia mkiwa watoto, si alikuwa akigombana na watu ambao hawapo?"

Hapo misonyo ikakatika. Kila mtu anamkumbuka yule mzee. Kumbe jambo liko kwenye ukoo! Na amu anayeshukiwa ametoka kwenye ukoo huo huo, damu ile ile.

Lakini msikimbilie damu nayo kana kwamba ndiyo mchawi mpya. Pacha waliofanana kabisa, waliogawana kila chembe ya damu, mmoja akipata skizofrenia, ule ugonjwa wa kusikia sauti zisizokuwepo, mwenzake huipata karibu mara moja katika kila mbili. Ile nusu nyingine haiugui, huoa na kuuza maparachichi. Damu huleta uwezekano. Kuna mengine yanayoongezwa juu yake, na mengine hayo ndiyo kijiwe hakipendi kuyataja, kwa sababu mengi yako humu humu kijiweni.

Chukua bangi. Kijana wa bodaboda alikuwa anatazama lami wakati huo, na mimi nilikuwa ninamtazama yeye. Sitaki kusema mengi. Wasweden waliwafuatilia vijana zaidi ya 45,000 walioandikishwa jeshini mwaka 1969 na 1970. Walipohesabu miaka 15 baadaye, wale waliokuwa wameshavuta bangi sana kabla ya kuingia jeshini walikuwa wamepata skizofrenia mara sita zaidi ya wasiovuta. Wengi wao, hata wavutaji, hawakuugua. Ila kwa mtu ambaye babu yake aligombana na upepo, kuanza kuvuta akiwa kidato cha pili ni kucheza kamari na kichwa chake mwenyewe. Hakuna amu aliyemwekea ile bangi mdomoni.

Na kabla ya kidato cha pili je? Inakadiriwa kwamba hadi nusu ya magonjwa ya akili huanza kabla mtu hajatimiza miaka 14. Sisi tunakuja kuyaona akiwa na miaka 22, ndipo tunaanza kutafuta aliyeyatuma jana. Tunawasahau hawa. Mtoto aliyezaliwa baada ya uchungu wa siku mbili na hakulia. Mtoto aliyepatwa na malaria ikapanda kichwani, na hapa juu milimani hatukuizoea malaria. Ule mlipuko wa mwaka 2002 uliwakuta watu wa Kisii na Gucha bila kinga. Mtoto aliyezimia kwa kipigo. Msichana aliyepelekwa kutahiriwa wakati wa likizo ya Desemba huku watu wakiimba, na siku hizi anayeshika wembe mara nyingi ni muuguzi mwenye glavu, kana kwamba glavu zinazuia jinamizi. Sheria ya kupiga marufuku ukeketaji ilipita mwaka 2011. Miaka mitatu baadaye utafiti wa kitaifa ukakuta asilimia 84 ya wanawake wa jamii yetu ya Abagusii wamepitia huko. Mfyuu! Halafu msichana huyo akianza kuamka usiku akipiga kelele, tunauliza ni nani.

Kule San Diego, Marekani, madaktari Vincent Felitti na Robert Anda waliwauliza maelfu ya watu wazima yaliyowapata utotoni: kupigwa, kunajisiwa, kuishi na mlevi, kumwona mama akipigwa. Walichapisha majibu mwaka 1998. Aliyepitia aina nne au zaidi alikuwa kwenye hatari ya ulevi, sonona na kujaribu kujiua mara nne hadi 12 zaidi ya yule ambaye hakupitia lolote. Tena hao walikuwa watu wenye bima na kazi nzuri. Kwetu, taarifa ya mwaka 2022 kuhusu vijana wa Kenya wa miaka 10 hadi 17 ilisema asilimia 44 walikuwa na tatizo fulani la afya ya akili ndani ya mwaka mmoja, na kama asilimia 12 walikuwa na ugonjwa kamili. Hesabuni wanaoshuka matatu hapa saa kumi jioni wakiwa na sare za shule, mniambie ni wachawi wangapi wanaohitajika kuifanya kazi hiyo yote.

Sasa tuje kwa akina mama, maana hapa ndipo roho inaniuma.

Mama wa Nyamira wa upande wa majani chai huamka giza bado. Mtoto mmoja mgongoni, mwingine kwa jirani, wengine wawili shuleni. Kikapu kinajaa polepole, na kituo cha kununulia hakimsubiri mtu. Mume yuko Nairobi, au yuko hapa lakini ni kama yuko Nairobi. Pesa za bonasi zikija Oktoba, jina kwenye hati ni la mume. Mwanamke huyu akianza kulia bila sababu, akiacha kula, akiacha kuogesha mtoto, kijiwe kinasema ni mke mwenza au mama mkwe.

Mwaka 1978 George Brown na Tirril Harris walitoa kitabu kuhusu wanawake wa Camberwell, mtaa wa London. Walitaka kujua ni kwa nini, balaa likija, mmoja huzama kwenye sonona na jirani yake husimama. Walikuta mambo manne: kumpoteza mama kabla ya miaka 11, kuwa na watoto watatu au zaidi wa chini ya miaka 14 nyumbani, kukosa kazi nje ya nyumba, na kukosa mtu wa karibu wa kumweleza yaliyo moyoni. Camberwell hakuna majani chai, lakini someni tena orodha hiyo mkifikiria boma lenu.

Lile la nne ndilo nimelitafuna siku nyingi. Mama wa hapa atamweleza nani? Robert LeVine, Mmarekani aliyekuja kuishi na Abagusii katikati ya miaka ya 1950 na akarudi baadaye kuchunguza tunavyolea watoto, aliona namna tunavyoogopa kijicho. Mimba haitangazwi. Mtoto mnono hasifiwi. Neema hufichwa na shida hufichwa, kwa sababu sikio la jirani linaweza kuwa la mrogi. Mwanamke anayeamini kwamba aliye karibu naye zaidi ndiye anayeweza kumwangamiza, atafungua mdomo kwa nani? Hofu ya uchawi inakuja kabla ya ugonjwa. Inamweka mtu peke yake kwanza, halafu ugonjwa unamkuta hapo. Hilo sijaliona kwenye orodha ya Camberwell, na kama mngeniachia kalamu ningeliandika la kwanza.

Halafu kuna wanaoilipia hofu hiyo. Mwezi Mei 2008, huko Kisii, watu 11 walichomwa, wanawake wanane na wanaume watatu, wengi wao wenye zaidi ya miaka 80. Wanakijiji walidai wameokota daftari kwenye shule ya msingi lenye kumbukumbu za mkutano wa wachawi, limeandikwa pia nani atafuata kurogwa. Daftari la kumbukumbu, jamani! Sisi wenyewe kikundi chetu cha merry-go-round hakijawahi kuandika kumbukumbu za mkutano hata mmoja, ila wachawi wana katibu. Oktoba 2021 wakauawa akina mama wanne Marani, huko huko Kisii.

Hebu tumtazame omong'ina mmoja, bibi kizee, kati ya hao wanaoshukiwa, yeyote yule. Ana miaka 85. Anatoka usiku, hajui anakoenda. Anakutwa kwenye boma la mtu alfajiri, nguo nusu. Anazungumza na mumewe aliyekufa zamani. Anasahau jina la mwanawe na kumwita kwa jina la marehemu. Dalili zote hizo daktari anaziita ugonjwa wa kusahau wa uzeeni, ubongo unaokufa kidogo kidogo. Kijiwe kinaziita ushahidi. Na mara nyingi, angalieni vizuri, bibi huyo ni mjane na ana kishamba. Kwenye kaunti ya Kisii, inayobana watu zaidi ya 900 katika kila kilomita ya mraba, mgonjwa mwenye ekari moja ni mtu wa hatari sana, hatari kwa nafsi yake.

Na bibi hao hao, kwingine, ni dawa. Harare, Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda hakuwa na wauguzi wa kutosha mwaka 2006, akapewa bibi 14. Akawafundisha kusikiliza na kumsaidia mtu kutatua tatizo moja moja, akawaweka kwenye mabenchi nje ya zahanati. Mwaka 2016 matokeo yalichapishwa: baada ya miezi sita, waliokaa na bibi kwenye benchi, asilimia 14 tu ndio waliobaki na dalili za sonona. Waliopata huduma ya kawaida, nusu yao bado walikuwa nazo. Benchi na bibi! Benchi tunalo, fundi amelikalia. Bibi tunao vilevile, ila wengine wanalala na taa ikiwaka wakisikiliza nyayo.

Kijana wa bodaboda akaniambia, "Lakini mzee, si sisi watu wa Kisii tuna dawa zetu za kichwa?" Tunazo kweli. Ababari wetu, waganga wa kichwa, wanajulikana duniani kwa kupasua fuvu la mtu mwenye maumivu baada ya kugongwa. Edward Margetts, daktari wa akili aliyekuwa hospitali ya Mathari miaka ya 1950, aliandika habari zao. Nikamwambia, kijana wangu, kama unajivunia hiyo, vaa helmeti. Kichwa kilichogonga lami ni njia nyingine ya sonona na hasira zisizo na mlango, na wewe unabeba abiria watatu ukiteremka kuelekea Nyansiongo.

Wanaume wa kijiwe hiki nao wasidhani wamesahaulika. Wapo walioacha nyumba zikiwaka Bonde la Ufa mwanzoni mwa 2008 wakarudi kwenye shamba la baba ambalo ndugu zao walikuwa wameshaligawana. Wapo wanaodaiwa karo. Hao hawazungumzi na redio. Wao hukasirika, hupiga, hunywa, na siku moja unasikia kilio kutoka kwao. Mpaka juzi aliyejaribu kujiua akaponea alikuwa mhalifu, anapelekwa korokoroni akitoka hospitalini. Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alisema kifungu hicho, namba 226 cha sheria ya adhabu, kinakwenda kinyume cha katiba.

Fundi viatu alisonya sana siku habari hiyo ilipofika. "Sasa si ni ruhusa!"

"Fundi," mwalimu akamuuliza, "mwaka ule shamba lako lilipouzwa na benki, ulimweleza nani?"

"Nilimweleza Mungu na mama wa chang'aa."

"Wakasemaje?"

"Mungu mpaka leo hajasema kitu," fundi akajibu, akigonga msumari. "Yule mama anasema ni elfu nne na mia mbili, na anakuja kila Ijumaa."