Jinsi ya Kuperuzi Bila Matangazo, Bila Mausi, na Hatimaye Bila Marafiki

Mwongozo huu ni wa mtu aliyechoka. Amefungua tovuti ya habari aangalie bei ya mahindi, na kabla hajafika aya ya pili amekwisha kupewa mkeka wa mechi ya jioni, dawa ya kitambi, na taarifa kwamba simu yake imejaa virusi. Kwenye tovuti za kupakua nyimbo ndiyo balaa kabisa: vitufe vya "Pakua" vimetapakaa ukurasa mzima, na kile cha kweli ni kidogo kuliko vyote, kimejificha huko chini. Usilie. Fuata maelekezo haya kwa utiifu, na si muda mrefu hutaona tangazo wala hutashika mausi. Wala hakuna mtu ofisini atakayethubutu tena kukuomba kompyuta yako.

Hatua ya kwanza ni kutafuta kizuizi cha matangazo, na hapa ndipo wengi huangukia pua, maana majina kwenye duka la viendelezi vya kivinjari yanafanana. Unachokitaka kinaitwa uBlock Origin. Raymond Hill wa Kanada alikitoa mwaka 2014, mwaka uliofuata akaukabidhi mradi kwa mtu mwingine, kisha akaendelea na toleo lake mwenyewe akiwa ameongeza neno Origin. Ukikuta uBlock tupu, jua hicho sicho. Hill hapokei michango, hata senti. Jambo hilo litakutia wasiwasi, kwa sababu umezoea watu wa mtandaoni wenye namba ya kutuma pesa chini ya kila sentensi. Zoea. Kipo pia Adblock Plus cha kampuni ya Eyeo ya Ujerumani, ambacho tangu 2011 huruhusu matangazo kinayoyaita yanayokubalika, na kampuni kubwa hulipa ili zao zipite. Ni mlinzi wa geti anayekesha kweli, ila ana wageni wake.

Ukibonyeza kusakinisha, kivinjari kitakuuliza kama unakiruhusu kiendelezi kusoma na kubadilisha data yako yote kwenye tovuti zote. Yaani umekimbia makampuni yanayokuchungulia dirishani, sasa unakabidhi ufunguo wa nyumba kwa mtu usiyemjua. Kubali. Hakuna njia nyingine ya kazi hiyo kufanyika, na angalau msimbo wa Hill uko wazi kwa yeyote anayetaka kuukagua. Ila usiishie hapo! Mpenzi wa kweli wa viendelezi huweka kumi na zaidi: cha kubadili rangi, cha kutafsiri, cha kulaza vichupo visivyotumika. Hicho cha kulaza vichupo kilikuwapo kimoja kilichopendwa sana, The Great Suspender. Mwenyewe alikiuza, na mwaka 2021 Google ikakiondoa dukani kwa kuwa na programu hasidi ndani yake. Watumiaji hawakuwa wamebonyeza chochote kipya. Kilibadilika kikiwa tayari sebuleni.

Sasa tulia kidogo ufurahie, maana faida inayofuata ni ya kweli na sina kejeli nayo. uBlock Origin hutumia orodha za kanuni, maarufu zaidi ikiwa EasyList, inayotunzwa na watu wa kujitolea tangu 2005. Ukurasa unapotaka kuita seva ya matangazo, ombi linakatwa kabla halijatoka. Video ya tangazo haijafichwa tu machoni. Haikuja kabisa, na MB zake zimebaki kwenye bando lako. Kwa mtu anayejiunga bando la siku, hilo ni kubwa kuliko usafi wa ukurasa. Na bosi akikuuliza kwa nini unachezea kompyuta ya kazi, mtajie FBI ya Marekani: Desemba 2022 iliwashauri raia watumie vizuizi vya matangazo wanapotafuta vitu mtandaoni, kwa kuwa matapeli walikuwa wakilipia matangazo yanayojifanya kampuni halali.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Wewe endelea.

Kwenye alama ya ngao nyekundu, juu ya kivinjari, kuna namba inayopanda. Inahesabu maombi yaliyokatwa, si matangazo, na ukurasa mmoja wenye kiherehere unaweza kuomba kitu kilekile mara nyingi. Usimwambie mtu siri hiyo. Ukipata tarakimu tatu, piga picha ya skrini uiweke status.

Kisha gundua kidude chenye umbo la kidondoshea dawa. Ukikigusa, kila kipande cha ukurasa unachopitia kinawaka, unakichagua, na kiendelezi kinakuandikia kanuni: jina la tovuti, alama mbili za reli, halafu jina la kipande. Utaanza na bango lililomponyoka mlinzi. Utaendelea na lile dirisha la kukubali kuki. Baadaye utaondoa "habari zinazohusiana", sehemu ya maoni, picha ya mchambuzi wa siasa usiyempenda, na nembo ya gazeti lenyewe. Ikifika jioni umebaki na karatasi nyeupe yenye tarehe. Ujue tu kwamba kanuni za namna hii huficha kilichokwisha kuja, bando halikuokoka. Lakini moyo umetulia.

Kama unatumia Chrome, hayo yote yasome kama historia. Google, inayoitengeneza Chrome, pesa yake nyingi inatokana na matangazo. Ilibadili masharti ya viendelezi, ikayaita Manifest V3, ikasema ni kwa ajili ya usalama na kasi, na kufikia 2025 uBlock Origin ilikuwa imezimwa huko. Imebaki ndugu yake mdogo, uBlock Origin Lite, anayefanya kazi kwa mikono iliyofungwa nusu. Kwa hiyo hamia Firefox. Kwenye simu ya Android ndiyo hamia haraka zaidi, kwa sababu Chrome ya huko haipokei viendelezi, wakati Firefox inaikubali uBlock Origin kamili. Kuhamia kwenyewe ni dakika chache. Kuwaeleza watu wote kwamba umehamia kutakuchukua mwaka.

Hatua ya pili: funga mausi kwenye droo. Weka kiendelezi kiitwacho Vimium, kisha bonyeza herufi f. Juu ya kila kiungo kunachomoza kibandiko kidogo cha manjano chenye herufi moja au mbili. Ukitaka "Michezo" ukaona SA, andika SA, umefika. Herufi j inashusha ukurasa, k inaupandisha, gg inakupeleka juu kabisa, na x inafunga kichupo. Mwenzako aliyesimama nyuma yako ataona madoa ya manjano yakiwaka na kuzimika, kurasa zikiruka, nawe mikono haijasogea. Akiuliza, "Kaka, hii kompyuta imerogwa?", usimjibu. Tabasamu.

Akisisitiza, mpe historia, ataondoka mwenyewe. Mweleze kwamba j na k zinatoka kwenye vi, programu ya kuhariri maandishi iliyoandikwa na Bill Joy mwaka 1976 akitumia mashine ya ADM-3A, ambayo mishale yake ilichorwa juu ya vitufe vya h, j, k na l. Ongeza kwamba Mholanzi Bram Moolenaar alitoa Vim, mrithi wa vi, mwaka 1991, na kwamba hadi leo ukiifungua bila faili inakuomba uwasaidie watoto maskini wa Uganda, kwa ajili ya kituo cha Kibaale alikowahi kujitolea. Jambo hilo la mwisho ni zuri kwelikweli, lakini utakuwa umeshabaki peke yako.

Hatari moja tu uichunge. Amri hizi zinafanya kazi pale ambapo hujaingia kwenye kisanduku cha kuandikia. Umejaza fomu ndefu ya maombi, unadhani kishale kimekaa kwenye sehemu ya ujumbe, unaanza kwa adabu: "Habari za kazi". Ile H kubwa, kwa Vimium, maana yake ni rudi ukurasa uliotoka. Fomu imekwenda. Anza badala yake na "Shikamoo": S haina kazi, h inasogeza ukurasa kushoto kidogo, na i inakiambia kiendelezi kinyamaze mpaka ubonyeze Esc. Kuanzia hapo andika utakavyo, hakidhuru kitu. Kuhusu x, sisi tuna bahati, hatuitumii.

Utakuta pia kurasa ambazo viendelezi haviruhusiwi kuingia, kama zile za mipangilio ya kivinjari na za duka lake. Huko f haiitiki. Fungua droo polepole, tumia mausi, rudisha, na usimtazame mtu usoni.

Kwa asiyetaka makuu: weka uBlock Origin, usiguse mpangilio hata mmoja, ukiweke pia kwenye simu ya mama. Vimium ni ya mwenye kifundo cha mkono kinachouma au anayeshinda akisoma kurasa nyingi; kwa wengine ni mbwembwe, mimi nikiwa mmojawao. Na kile kitufe kikubwa cha kuzima kilicho kwenye kidirisha cha uBlock kinakumbuka kila tovuti kivyake. Kama lipo gazeti dogo unalolisoma kila wiki, na matangazo yake hayakurukii usoni, kizime hapo. Mwandishi wake naye hununua bando.